Laiti Gemu Ingebaki Bubu

Gemu ya Kaka ilipoacha kulia, nyumba nzima ilipumzika isipokuwa Kaka mwenyewe. Alizunguka nayo kama mtu aliyefiwa na kasuku. Anaiwasha, matofali yanashuka, anayapanga, mstari unakatika, halafu kimya. Anaitikisa. Anaigonga kwenye goti. Kimya tena.

"Waya," akamwambia mdogo wake, "hii kitu utanitengenezea lini?"

"Si inacheza?"

"Hata mwenye mafua anakula. Muulize kama anasikia utamu."

Waya alikuwa na jina la shuleni, lakini shule ilikwisha, matokeo yakaja yale yaliyokuja, na jina likabaki hukohuko. Mtaani walimwita Waya kwa sababu mfukoni hakosi kipande cha waya. Meza yake ya ufundi ilikuwa barazani, chini ya dirisha la jikoni, kwa hiyo Mama aliweza kumpa chai bila kutoka nje, na kumsema vilevile bila kutoka nje.

Watu wanadhani fundi wa siku hizi anaishi kwa simu tu. Simu zipo, ndiyo. Lakini ungekaa pale mezani ungeshangaa vitu vinavyoletwa vimefungwa kwenye leso kama dhahabu ya bibi: gemu za mkononi, zile za zamani za matofali, rangi ya kijivu imegeuka njano, mfuniko wa betri ulipotea enzi hizo na mahali pake pana utepe wa gundi. Kinyozi wa kona alikuwa na yake, anaificha chini ya taulo mteja akiingia. Mwalimu mstaafu alikuwa na yake. Dereva wa gari la maiti alikuwa na yake pia, anasema inamsaidia kusubiri watu wamalize kulia.

Waya aliwauliza wote swali moja. Simu yako ina gemu mpaka za vita, hii takataka ya nini?

"Simu ni sawa na mke mwenye ndugu wengi," kinyozi akasema. "Ukikaa naye kidogo tu, hodi! Huyu hapa hana ndugu. Tupo mimi na yeye."

Mwalimu mstaafu alifikiria kwanza, kama bado yuko darasani. Halafu akasema, "Hii haina kushinda, kijana. Umewahi kuliona hilo? Unacheza mpaka ushindwe. Matofali hayaishi, wewe ndiye unayeisha. Na bado unarudi."

Waya alicheka siku hiyo. Mwalimu hakucheka.

Ya Kaka ilikuwa na historia yake. Marehemu baba yao ndiye aliyeileta, wakati wanawe hawa wawili wanapigana kila jioni mpaka majirani wanafunga madirisha. Akaitupa kitandani, akasema, "Gombaneni na hiyo." Walipokezana miaka na miaka, ukishindwa unampa mwenzako. Waya alipoanza ufundi akawa anazifungua badala ya kuzicheza. Kaka hakuacha. Akaota ndevu, akapata kazi, gemu bado iko mfukoni.

Na kazi yenyewe ndiyo hii: Kaka alikuwa mtu wa boila kwenye kiwanda cha kufua mashuka, mashuka ya hospitali, ya hoteli, ya mabweni. Boila ndiyo inayotoa mvuke wa mashine na pasi zote. Kaka aliliita lile dude Ng'ombe, kwa sababu lilikuwa linakunywa maji tu na kuhema. Bosi alishapiga marufuku simu, zote zinaachwa getini kwenye sanduku la mlinzi. Gemu hakuitaja. Nani angewaza kwamba mwanamume mwenye ndevu zake atakuja kazini na gemu ya matofali?

Sasa Ng'ombe yule alikuwa na ugonjwa. Maji yakipungua ndani, kuna boya linashuka na kuwasha pampu. Siku nyingine boya linanasa na pampu haiwaki. Hapo ukutani inawaka taa nyekundu, kengele inalia pi-pi-pi, na Kaka anainuka kubonyeza pampu kwa mkono. Kulikuwa na kifaa kinachozima chenyewe moto wa boila maji yakikauka, lakini Bosi aliamuru kikatwe, eti kinakatisha kazi. Kwa hiyo kilichobaki kati ya Ng'ombe na hasira yake kilikuwa mlio ule na masikio ya Kaka.

"Kanuni ni moja," Kaka alimwambia Waya siku alipompeleka kule. Akamwonyesha mrija wa kioo ubavuni mwa boila, maji yanacheza katikati. "Ukiona humu kumekauka kabisa, usimpe maji. Umenielewa? Chuma kimeshakuwa chekundu ndani. Maji ya baridi yakigusa hapo, tutaokotwa kwa mafagio. Unazima moto, unatoka, unamwacha apoe mwenyewe."

Na alimpeleka kwa sababu kengele ilikuwa imekufa na Bosi hakutaka fundi wa mbali. Waya akaangalia, akakuta kidude cha mlio kimeungua. Ni kidude cheusi, duara, kikubwa kama kitufe cha koti, tundu katikati. Yeye alikiita chura, maana kikipata umeme hakijui kunyamaza. Dukani vyura waliuzwa wawili wawili kwenye kifuko. Mmoja akamchomelea kwenye bodi ya kengele. Wa pili akamtia kwenye kopo la vipuri, akamsahau.

Sasa siku hiyo Kaka kamsumbua mpaka amechoka. Waya akafungua gemu, akakuta spika yake imeota kutu. Akamwaga kopo la vipuri mezani. Skrubu, swichi, vipande vya redio, na chura yule akabingirika mpaka ukingoni, akasimama hapohapo, kama aliyeitwa.

Akamjaribu kwenye nafasi ya spika. Akaingia sawasawa.

Akachomelea, akafunga, akaweka betri. *Pi-pi-pi.* Mlio mkali, msafi, mtoto wa jirani akaamka analia.

"Ehee!" Kaka akaruka kutoka kwenye kiti. "Huyo ndiye mdogo wangu! Hata ilipokuwa mpya haikulia hivi."

"Punguzeni hicho kitu," Mama akasema dirishani. "Kinanikera."

"Mama, kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji," Kaka akasema, na wote wawili wakacheka. Mama hakucheka. Alisimama na mwiko mkononi, ameinamisha kichwa kama anayetafuta jina la mtu.

Asubuhi Kaka akaenda kazini anapiga mluzi.

Kulikuwa na joto siku hiyo, lile la kufanya risasi ya kuchomelea isikauke haraka. Waya alikuwa anashughulika na gemu ya kinyozi. Mama alikuwa ndani anachambua mchele. Punje zinaruka, zinatua. Halafu zikanyamaza.

"Nimekumbuka," Mama akasema.

"Umekumbuka nini?"

"Ule mlio wa jana. Si ndio ule nilioukuta kazini kwa kaka yako, siku niliyompelekea chakula? Kile kitu cha ukutani chenye taa nyekundu. Kikalia, yeye akaacha tonge akakimbia. Nikasema mwanangu kweli ana kazi, hata kula anaitwa."

"Mama nawe. Mlio ni mlio..."

Hakumaliza. Akaangalia kopo la vipuri. Akakiona kile kifuko, kitupu, bado kimekunjwa. Wawili wawili. Mmoja ukutani. Mmoja kwenye gemu. Na wote kwa mkono wake.

"Waya? Mbona umekauka?"

Akapiga simu ya Kaka. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, huku anaiona kichwani ikitetemeka getini kwenye sanduku la mlinzi, kati ya simu nyingine, na mlinzi anaitazama tu kwa sababu simu ya mtu haipokelewi.

Akatoka mbio. Kandambili moja ikabaki barazani. Mama anaita nyuma, hakugeuka. Akapita kwa kinyozi, kinyozi akachomoza kichwa, "Oya, yangu tayari?" hakujibu. Akakata kona ya wauza mitumba, akaruka mfereji, akamgonga mtu wa mayai, matusi yakamfuata mpaka mwisho wa barabara. Kichwani alikuwa anabishana na nafsi yake. Labda boya leo halijanasa. Si kila siku linanasa. Labda Kaka hajaitoa mfukoni. Hapo nafsi ikamcheka. Kaka? Gemu imepata sauti jana, leo asiitoe?

Mlinzi akamzuia getini. "We, unakwenda wapi na mguu mmoja?"

"Kwa Kaka. Boila."

"Simu."

Akamtupia simu bila kusimama.

Akapitia ukumbi wa pasi, ndiyo njia ya kufika nyuma. Akina dada walikuwa wamepanga mstari, mashuka meupe yananing'inia kila upande. Yule mkubwa wao, ambaye kila mtu alimwita Dada wa Pasi, akamwona.

"Wewe, shemeji mdogo! Mwambie kaka yako aamke. Mvuke wenyewe leo mkavu kama kicheko cha Bosi. Tangu saa ile tunapiga pasi na hewa."

"Tangu saa ile lini?"

"Mimi najua? Tangu tumalize mashuka ya hospitali. Hee, mbona unanitolea macho?"

Waya akapita. Nyuma ya mashuka kulikuwa na mlango wa bati, na kabla hajaugusa akasikia. *Pi-pi-pi. Pi-pi-pi.* Akashindwa kujua ni nani anayelia.

Ndani kulikuwa na joto la kukunja kope. Kaka amekaa kwenye kiti chake cha mbao, mgongo kwa ukuta, vidole gumba vinakimbia, jasho linamdondoka puani na hana habari nalo. Taa nyekundu ilikuwa juu ya kichwa chake kabisa, imewaka, ingekuwa tunda lingemwangukia.

"Ah, umekuja!" Kaka akasema bila kuinua macho. "Mdogo wangu, nimefika mahali sijawahi kufika maishani. Yanashuka kama mvua. Usiniguse, usinisemeshe."

"Kaka, simamisha."

"Kidogo tu."

"Simamisha gemu!"

"Nimesema kidogo, we vipi..."

Waya akaipokonya, akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Matofali yakaganda kwenye kioo.

*Pi-pi-pi. Pi-pi-pi.*

Kaka akaitazama gemu mkononi mwa mdogo wake. Akaona imesimama. Akasikia bado inalia. Akatabasamu kidogo, kama mtu anayesubiri aelezwe mzaha. Halafu tabasamu likamtoka usoni polepole, akainua kichwa.

Mrija wa kioo ulikuwa mkavu. Rangi ya kijani iliyopakwa boila ilikuwa imevimba mapovu, na kulikuwa na harufu, si ya moshi, ni ya chuma chenyewe.

"Tangu lini?" Kaka akasema.

Mkono wa Kaka ukaruka kwenda kwenye kitufe cha pampu. Mkono wenyewe tu, jinsi ulivyozoea. Waya akaudaka hewani.

"Usimpe maji! Kanuni yako mwenyewe!"

Walitazamana. Kaka akavuta pumzi, akageuka, akafunga mafuta, akazima moto. Ngurumo ile ambayo kiwanda kizima kilikuwa kimeizoea mpaka hakiisikii tena ikakatika. Chuma kikaanza kulia tik, tik, tik.

"Toa watu," Kaka akasema.

Waya akatangulia, anapiga kelele, anavuta mashuka, anasukuma watu. Akina dada mwanzoni walimcheka, halafu wakauona uso wake. Kaka alikuwa wa mwisho. Pale mlangoni kulikuwa na vitu viwili. Ukutani, swichi kubwa ya kukata umeme wa pampu. Chini yake kiti, na juu ya kiti gemu, pale Waya alipoiweka. Kaka alikuwa na haraka na mkono mmoja tu ulio tayari. Ukachukua kimoja.

Walisimama uani karibu na kamba za kuanikia. Jua linawaka kama kawaida. Wengine wakaanza mizaha, ile ya kutoa hofu.

"Leo tumepumzishwa na Ng'ombe."

"Afadhali azae kabisa, tupate likizo."

Bosi akatoka ofisini na kalamu sikioni. "Nani amezima? Nauliza, nani amezima? Mashuka ya hoteli yanachukuliwa saa hii!"

"Amekauka, Bosi," Kaka akasema. "Hagusiki."

"Amekaukaje na wewe ulikuwepo? Ulikuwa wapi wewe?"

Kaka akafungua mdomo. Hapo ndipo Waya alipoona alichoshika. Dada wa Pasi naye akaona. Mtu mzima, amekumbatia gemu kifuani kama mtoto aliyeokolewa motoni.

Kutoka ndani, nyuma ya mlango wa bati, wakasikia *brrrrr*.

Pampu. Boya lilikuwa limejinasua lenyewe.

Kaka akautazama mlango ule, akaitazama gemu. Waya hatasahau hesabu ile ilivyopita usoni mwa kaka yake: swichi ilikuwa pale, na mkono ukachagua hii. Akaanza kukimbia. Kurudi ndani.

Waya akamrukia. Akashika shati, shati likachanika. Akashika mguu. Wakaanguka wote, Kaka anapiga teke, anapiga kelele, "Niache nikaizime! Niache!" na Waya ameng'ang'ania kama kupe, amefumba macho, ameuma meno. Kaka alikuwa amejiinua nusu, kichwa juu, uso umeelekea mlangoni.

Hakuna aliyesikia mlipuko vizuri. Waliohojiwa baadaye walisema waliusikia tumboni. Ukuta wa nyuma uliondoka. Mabati yakapaa, yakakaa angani muda wa kushangaza, yakarudi. Halafu mashuka. Mashuka meupe yalishuka taratibu uani kote, juu ya watu waliolala chini, mmoja baada ya mwingine, mpaka mlinzi aliyekuja mbio kutoka getini akakaa chini akalia, akidhani wote wameshafunikwa.

Hakuna aliyekufa. Watu walisema ni muujiza, na Bosi alilisema hilo kwa sauti kubwa kuliko wote. Kulikuwa na mikono iliyovunjika, migongo iliyoungua. Kaka alitoka na kovu kwenye paji la uso na damu masikioni. Kazi ikaishia hapo.

Damu ilikauka. Kilichobaki hakikuonekana. Anakaa barazani kando ya meza ya Waya, kimya, vidole gumba vinatembea juu ya magoti. Mara anageuka. "Mama, kuna kitu kinalia?"

"Hakuna, mwanangu."

"Kinalia."

"Ni kimya kabisa, baba. Kunywa chai yako."

Mama alikuwa anajua mlio ule ulitoka wapi. Waya naye alijua kwamba Mama anajua. Dirisha lilikuwa katikati yao, na chai iliendelea kupita dirishani, lakini kusemwa kulikuwa kumekwisha, na Waya alikutamani. Gemu ya Kaka ilikuwa kwenye droo, kioo kimepata ufa, chura amepondeka. Waya alikuwa ameijaribu mara moja kwa siri. Ikawaka. Matofali yakashuka bila sauti, kama hakuna kilichotokea duniani.

Kisha asubuhi moja Kaka hakuwepo kitandani. Mama akamtafuta mpaka kwa kinyozi. Kaka alirudi mchana na vumbi la matofali mpaka kwenye kope, matofali ya kweli haya, ya ukuta. Akasimama mbele ya meza na kufungua kiganja.

Chura. Mweusi, duara, tundu katikati. Bado ana miguu yake miwili ya waya.

"Nimemtoa mwenyewe," Kaka akasema. Siku hizi alikuwa anazungumza kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama mtu aliye ng'ambo ya mto. "Bodi ya kengele ilikuwa chini ya kifusi. Mzima kabisa huyu, hana hata mchubuko."

Waya hakunyoosha mkono.

"Nilimsikia, unajua," Kaka akasema. "Siku ile. Muda wote nilikuwa namsikia. Nikasema moyoni, leo gemu inanipa raha."

"Kaka..."

"Wote wawili uliwaweka wewe, sivyo?"

"Ni mimi."

Kaka akaitikia kwa kichwa, bila hasira, kama aliyeuliza saa akajibiwa. Akaweka chura mezani, akamsogeza kwa kidole mpaka mbele ya mdogo wake.

"Basi niwekee."

"Nikuwekee wapi?"

"Kwenye gemu. Wapi tena?"

"Kaka, nitakutafutia spika nyingine. Yenye sauti ya chini, nzuri..."

"Sitaki nzuri. Nataka huyu." Akajigonga kando ya sikio. "Humu ndani analia, Waya. Nikila analia, nikilala analia. Sijui anatoka wapi, kila saa nataka kuinuka nikabonyeze na hakuna cha kubonyeza. Niwekee awe na mahali pa kutokea. Nikimsikia huko, nitasema ah, ni gemu tu."

Dirishani punje za mchele zilikuwa zimenyamaza.

Waya akawasha chuma cha kuchomelea. Risasi ikadondoka nje ya mahali pake, akafuta, akaanza upya. Akaingiza chura. Aliingia sawasawa. Akafunga skrubu, akaweka betri, akampa.

*Pi-pi-pi.*

Mama akatokea mlangoni na ungo mkononi, amesimama tu.

Kaka hakumwona. Mabega yalikuwa yameshuka, uso umelegea, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Vidole gumba vikakimbia. Matofali yakashuka, akayapanga.

"Kaka," Waya akasema. "Kaka, Mama anakuita."

"Kidogo tu," Kaka akasema.